Chungu cha Nyanya Kwenye Meza ya Sosiete

Wenzangu mliokulia Kasongo miaka ile Wabelgiji wangali na nguvu zao, hebu semeni kama nadanganya: mvua kubwa ilipokatika, nani kati yetu alibaki ndani ya nyumba? Tulitoka mbio, pekupeku, tukainama barabarani kuokota shanga. Maji yalikuwa yakichimbua udongo wa mtaa wa zamani, ule wa wakati wa Waarabu, na kuziacha shanga zimelala juu ya mchanga, nyekundu, buluu, na nyeupe zilizofifia. Tulizitunga kwenye nyuzi za majani ya mwale tukazivaa shuleni, na masista wakatunyang'anya wakisema tunapenda mapambo kuliko sala. Hatukujiuliza zilikuwa za nani. Tulidhani ndivyo miji yote ilivyo, kwamba mvua ikinyesha shanga zinatoka.

Wajukuu wangu leo mvua ikinyesha wanalalamika kwamba mtandao umekatika. Wanakaa ndani na nyuso zao zimeinamia simu, na shanga, kama bado zipo, zinapitiwa na magurudumu ya pikipiki zinazokwenda Salamabila. Sisemi wao ni wabaya. Nasema tu kwamba hawajui harufu ya barabara ile.

Sisi tuliijua, na tuliyajua mengine. Tulijua mlio wa kinu cha Mama asubuhi, akitwanga majani ya muhogo kwa ajili ya sombe. Tulijua mawese yakichemka, na samaki wa Nyangwe waliokaushwa kwa moshi, ambao mchuuzi aliwaleta kichwani na paka wote wa mtaa wakimfuata nyuma. Wali wa Kasongo wakati huo ulinukia mpaka nyumba ya tatu. Sisi wasichana tulikuwa na jiko letu nyuma ya choo, vyungu vya udongo wa mtoni, wali wa mchanga, na wageni wa kuwaalika ambao walikuwa mbuzi. Mama akituona tumejipaka matope alipiga kelele: "Feza! Toka kule! Utakuja kupika mpaka uchoke, unakimbilia nini?" Feza ndiye mimi.

Baba yangu alikuwa karani katika ofisi ya pamba. Mnakumbuka pamba. Kila kaya ilikuwa na shamba lake la lazima, na aliyeacha majani yakaota alijibu kwa mgongo wake au kwa kulala jela. Mkubwa wa ofisi alikuwa agronomu, bwana shamba Mbelgiji, mtu mrefu, mwembamba, mwenye kiko mdomoni, ambaye siku za kazi alipita mashambani na kamba ya kupimia, na wanaume wazima wakasimama wima akipita. Huyo huyo, siku ya Jumapili, alikuwa mtu mwingine. Alivaa kaptula kuukuu, akapiga magoti katika magofu ya mtaa wa zamani, akachimba ardhi kwa kijiko cha chai, taratibu. Ndipo watu wakampa jina la Bwana Kijiko, na jina hilo likamkaa mpaka alipoondoka nchini.

Yeye ndiye aliyeanzisha kile chama cha kuchunguza mambo ya kale ya jimbo letu. Jina la chama lilikuwa refu kwa Kifaransa. Sisi tuliita Sosiete, basi. Wanachama walikuwa Wabelgiji wachache, padri mmoja, mfanyabiashara wa familia ya Kiislamu ambaye babu zake walijenga mtaa ule, na Baba. Baba alipewa kofia ya kaki na mwiko wa mwashi wa kukwangulia udongo, na vitu hivyo viwili vilimbadilisha. Jumapili baada ya misa aliweka kofia kichwani, akajitazama kwenye kioo kidogo cha Mama, akasema: "Leo mi siko karani. Leo mi niko memba." Alisema kwa mzaha, lakini alimaanisha. Wiki nzima alisimama mbele ya meza ya Bwana Kijiko. Jumapili walipiga magoti pamoja kwenye shimo moja.

Sosiete haikujifungia. Walikuja shuleni kwetu na picha, wakatuambia ardhi inatunza habari za watu waliotutangulia. Walitupeleka magofuni kwa mistari, wavulana mbele, wasichana nyuma, tukaonyeshwa jinsi ya kuchekecha udongo ili kitu kidogo kisipotee. Waliahidi biskuti kwa mtoto atakayeleta kitu cha zamani. Hapo mji ukachangamka! Shanga zetu zote zilikwisha kwa biskuti. Zilipokwisha, wavulana wakaanza kuvunja sahani za mama zao, wakazisugua kwa majivu na kuzipeleka wakisema ni za sultani fulani. Bwana Kijiko alizigeuza, akacheka bila kutoa kiko mdomoni, na biskuti akatoa vilevile. Nasema haya ili mjue kwamba hakuwa mtu wa moyo mbaya siku za Jumapili.

Sasa niwaeleze jambo la upande wa Mama, maana bila hilo hamtanielewa. Mama alizaliwa katika kijiji kilicho kwenye njia ya kwenda Kabambare, kwa kabila Mbangubangu, na Baba alikuwa Mzimba wa karibu na mji. Kijijini kwa Mama palikuwa na desturi ya wanawake peke yao. Mwanamke akifa, wanaume walimzika kama anavyozikwa mtu yeyote, na msalaba ukawekwa. Kisha, matanga yakimalizika, wanawake wa ukoo walichukua chungu alichokuwa akipikia, wakakivusha kijito, wakaingia nacho kichakani mpaka mahali ambapo vyungu vya wengine vilikuwa vimelala. Binti mkubwa alikitoboa tundu sehemu ya chini, kwa kukigonga polepole kisipasuke, akasema: "Umepika, inatosha. Pumzika." Halafu kikafunikwa kifudifudi, tundu likitazama juu. Hakuna mwanamume aliyefika pale, na hakuna aliyeuliza. Hata wanawake hawakwenda mpaka kifo kingine kitokee.

Nyanya yangu alipofariki nilipelekwa. Mama Mkubwa, dada yake Mama, ndiye aliyetoboa. Nakumbuka jinsi alivyokikumbatia chungu mapajani, na mlio mdogo wa udongo ukikubali. Nilimuuliza Mama kwa nini tunaharibu chungu kizuri. Aliniambia mwanamke anapika tangu akiwa mtoto, anapikia baba, mume, watoto, wageni, na wakati wa pamba anapika akiwa amesimama. Chungu kikibaki kizima, huko aendako watamwambia: wewe bado una chungu, endelea. Nyanya yangu alikuwa amepika sana, na nilifurahi kwa ajili yake.

Mwaka uliofuata Sosiete ilitangaza maonyesho katika jumba la shule ya misheni. Watu wote walialikwa. Masista walitufundisha wimbo wa kuwakaribisha wakubwa. Mama alivaa kikwembe chake cha buluu, kitenge kile cha sikukuu, kwa sababu mume wake angesimama mbele akitafsiri maneno ya Bwana Kijiko. Alijivuna, msimwone vingine. Alimpigia Baba pasi shati mara mbili.

Ndani kulikuwa na meza ndefu zenye vitambaa vyeupe. Shanga zetu zilikuwa pale, zimepangwa kwa rangi, na tulisukumana kuzionyesha: ile yangu, ile yangu. Kulikuwa na vipande vya bunduki, vipini vya majambia, vigae vya sahani za pwani. Na kwenye meza ya mwisho, mahali pa heshima, kulikuwa na vyungu. Vilikuwa vizima, vimesafishwa, vinang'aa. Bwana Kijiko alieleza kwa Kifaransa, na Baba akageuza kwa sauti ya kanisani, kwamba vyungu hivi vilikutwa kichakani kwenye njia ya Kabambare, palipokuwa kijiji cha kale kilichohamwa, na kwamba mizizi ya miti ilikuwa imevitoboa vyote. Bwana Kijiko alikuwa amekaa navyo majuma mengi barazani kwake, akiziba matundu kwa plasta na kuipaka rangi ya udongo. Alifanya kwa upendo. Hilo nalijua sasa, na ndilo linaloniumiza.

Kisha akachukua birika akamimina maji katika chungu kimoja, akakiinua juu ya vichwa vyetu. "Angalia, ninyi yote!" alisema kwa Kiswahili chake. "Mbele kufa. Leo kupona! Haiko kuvuja!" Na kweli hakikuvuja hata tone. Jumba zima likapiga makofi, na mimi nikapiga, mpaka nilipoona ukingo wake. Nyanya alikuwa na kidole gumba kilichopinda tangu kiungue motoni, na alipokuwa akifinyanga alibonyeza ukingo kwa kidole hicho, hivyo alama zake zote zililala upande mmoja. Hakuna mfinyanzi mwingine aliyekuwa nazo. Mikono yangu ilibaki hewani.

Mama alikuwa ameshasogea mpaka mezani. Alisema kwa lugha yake, si kwa kelele: "Huyu ni mama yangu. Mmemrudisha jikoni." Baba aliijua lugha ile. Nilimwona uso ukibadilika. Bwana Kijiko, akitabasamu, akamuuliza mke wa karani amesema nini. Baba alimtazama Mama, akamtazama mkubwa wake wa kazi, akatutazama sisi tuliojaa jumbani. Akajibu kwamba ameshukuru, na kwamba chungu kimempendeza.

Mama akageuka, akaiacha meza. Alinishika mkono tukaenda nyumbani, na jioni ile hakuwasha moto. Baba aliporudi alikuta mafiga baridi na Mama ameketi mlangoni na kikwembe chake cha sikukuu.

"Baba Feza, ni wewe uliwapeleka pale?"

"Nilipita kule kwa kazi ya pamba. Niliona vyungu imeinama mu pori. Nilizani ni kijiji ya wazee wa zamani. Nilifurahi, mama Feza. Mi sikujua. Hakuna mutu aliniambia siku hata moja."

"Ni kweli, hatukukuambia." Ndipo akamweleza yote, na nadhani alikuwa mwanamke wa kwanza wa ukoo ule kumweleza mwanamume. Baba alivua kofia, akaishika magotini. Mama alipomaliza akasema: "Kutokujua, nimekusamehe. Lakini mbele ya watu wote nilisema neno, na wewe ukageuza neno yangu. Sasa mama yangu iko anapika. Mi nitawasha moto namna gani?"

Hakuuwasha siku ile wala siku zilizofuata. Hakugomba, hakununa, alifua, alifagia, alikwenda shambani. Moto tu ndio hakuuwasha. Jirani yetu, Mama Zuhura, mke wa yule mfanyabiashara wa Sosiete, alituletea wali na samaki kwenye sinia lililofunikwa kitambaa, na wala hakuuliza kitu. Sisi watoto tulikula. Baba alikula kidogo, akakonda mbele ya macho yetu. Alfajiri nilimsikia akitembea uani, akisema peke yake Kifaransa, sentensi ileile, akianza na kukosea na kuanza tena. Nilimwonea huruma mpaka nikatamani Mama awashe moto yaishe. Lakini nilikumbuka chungu kile kikiinuliwa na maji ndani, na sikujua tena nitamani nini.

Jumapili iliyofuata Sosiete ilikuwa inafunga vitu katika masanduku. Lori lingevipeleka Kindu, na kutoka huko vingesafiri mpaka Ulaya, kwenye nyumba ya makumbusho. Watu waliitwa tena kuimba na kuaga. Safari hii Mama Mkubwa alikuwepo na wanawake wa kijijini, maana Mama alikuwa amewatumia habari, wametembea kutoka njia ya Kabambare, miguu imejaa vumbi, na wakasimama nyuma bila kuimba.

Baba akatoka mbele. Alivua kofia yake ya memba akaiweka mezani. Alisema kwanza kwa Kifaransa, ile sentensi ya alfajiri, kisha kwa Kiswahili ili wote tusikie: "Juma iliyopita muke wangu alisema neno hapa, na mi niligeuza. Nilisema uongo. Leo nasema neno yake vile ilikuwa." Akasema. Alieleza matundu yale ni nini na nani aliyeyatoboa. Akamwomba Bwana Kijiko awarudishie wanawake vyungu vyao.

Nataka mwelewe ilikuwa miaka gani. Karani mweusi kumpinga mkubwa wake mbele ya watu, tena akikiri kwamba alimdanganya, hilo halikuwa jambo la kucheka. Wanaume waliowahi kuchapwa kwa ajili ya pamba walitazama chini. Bwana Kijiko akawa mwekundu mpaka masikioni. Akajibu kwamba vitu vimeshaandikwa kwa jina la Sosiete, Ulaya wanavisubiri, haviwezi kurudi kichakani kuoza. Akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba amevifanyia kazi kwa mikono yake. Nilidhani yamekwisha.

Mama akasogea. "Baba Feza, mwambie hivi. Achukue. Udongo ni udongo, aende nao. Lakini vyungu asiende navyo vizima."

Baba akageuza, neno kwa neno. Bwana Kijiko akakitazama chungu cha Nyanya kwa muda mrefu. Sijui aliwaza nini, mimi nilikuwa mtoto. Alichofanya ni hiki: aliweka nyundo na msumari wa masanduku juu ya kitambaa cheupe, akasema anakwenda nje kuwasha kiko chake, akatoka. Kiko kilikuwa kinawaka. Wabelgiji wenzake wakamfuata wakinong'ona. Baba akawaambia wanaume wote watoke, naye akatoka wa mwisho, akavuta mlango nyuma yake. Mimi nilikuwa wa kike, nikabaki.

Mama Mkubwa aliketi sakafuni akakipakata chungu. Plasta ilidondoka vipande vyeupe kwenye kikwembe chake. Mama alikuwa amepiga magoti kando, mkono juu ya ukingo, juu ya zile alama zilizolala. "Umepika, inatosha. Pumzika." Kisha wakaendelea na vingine, hata vile vya zamani sana ambavyo hakuna aliyejua ni vya nani. Hivyo waliviita "mama" tu. Wanawake wa mjini walioingia kuimba wakaanza kulia, Wakristo na Waislamu, kila mmoja akimlilia wake. Kupitia dirishani niliwaona Baba na Bwana Kijiko wamesimama kwenye baraza, wamepeana migongo.

Jioni ile Mama aliwasha moto. Alipika sombe na wali, akampa Baba sahani kwa mikono miwili, na Baba alilia mbele yetu bila kujificha. Sikuwahi kumwona akilia kabla ya hapo wala baadaye. Hakuitwa tena kwenye Sosiete, na haukupita muda akahamishiwa kituo cha kupimia pamba upande wa Lusangi, kwa mshahara mdogo. Mwiko wa mwashi alibaki nao, akaupandia vitunguu. Sikumsikia akijuta.

Yote hayo yamekwenda. Wabelgiji wamekwenda, pamba imekwenda, Baba na Mama tumewazika. Mjukuu wangu mmoja anasoma Ulaya, na mwaka huu alinipigia simu ya picha akiwa ndani ya nyumba ya makumbusho. Alinionyesha chungu nyuma ya kioo. Alama zimelala upande mmoja. Tundu lipo. Pembeni wameandika kwamba kimeharibika. Kijana alikasirika, akataka kuwaandikia awaeleze maana yake ili wakipe heshima. Nikamkataza. Watu wale wakiheshimu kitu, hukitengeneza. Bora waendelee kuamini kimeharibika.

Kinachonisumbua kiko huku nyumbani. Mabinti wa leo wanapikia sufuria za alumini kutoka dukani, na mahali pa vyungu, nimeambiwa, pamechimbwa na watafuta dhahabu. Nimewaeleza wake wa wanangu desturi hii zaidi ya mara moja. Wananiitikia "ndiyo, Mama" macho yakiwa kwenye simu, na nimewasikia tayari wakigawana sufuria zangu, ipi ya nani, kwa sababu bado ni nzima na zinafaa. Siwalaumu, maisha ni magumu. Lakini nimepika tangu nikiwa mtoto, wenzangu, na ninaogopa kwamba hakuna atakayeniambia niache.